Barua ya wazi kwa wenye Terminator: malizeni hadithi moja kabla hamjaanzisha nyingine

Kwenu waheshimiwa wakuu wa studio, maprodyuza na wote mnaoshikilia haki za Terminator,

Salaam.

YAH: KUANZA HADITHI UPYA KILA MARA NA KUTUACHA NJIANI

Husikeni na kichwa cha habari hapo juu.

Mimi ni shabiki wa Terminator, zile muvi za roboti wauaji wanaotumwa kutoka wakati ujao, niko Dar es Salaam, naandika kwa niaba yangu na wenzangu wengi tu tuliokua na hizi muvi toka enzi za mikanda ya video, zile za kulipa kiingilio kwenye kibanda cha mtaani mnakaa kwenye mabenchi mmebanana huku dijei anawatafsiria kila anachosema Arnold Schwarzenegger, yule anayeigiza roboti. Malalamiko yetu tulianza nayo kwa utaratibu. Tumejaza fomu za maoni, tumeandika chini ya matangazo yenu, wengine wametuma barua pepe zenye lugha ya heshima kabisa, kinachorudi ni ujumbe wa kompyuta wa kushukuru halafu kimya. Sasa tumeona bora tuseme mbele za watu, maana habari za Terminator nyingine zimeshaanza kuzunguka na tukinyamaza mtarudia yale yale.

Kwanza nieleze kwa nini tunaumia, ili msije mkatuona ni watu wa kulalamika tu.

Ile ya kwanza ilitoka 1984 kwa bajeti ya kama dola milioni 6 na ushee, hela ambayo hata kwa Hollywood ya wakati ule ilikuwa ndogo, na James Cameron alikuwa kijana asiye na jina ambaye haki za hadithi alimuuzia prodyuza Gale Anne Hurd kwa dola 1 ili mradi aachiwe kuiongoza mwenyewe. Sasa chukueni kitu kimoja tu mle ndani, ile picha ya Sarah Connor, mhudumu wa mgahawa anayewindwa na roboti. Kyle Reese, askari aliyetumwa kutoka huko mbele kumlinda, anamwambia Sarah kwamba huko, kwenye vita ya binadamu na mashine, John, mtoto ambaye Sarah atamzaa na atakayeongoza binadamu, alimpa picha ya mama yake, imechakaa, na siku zote alikuwa anajiuliza huyu mama alikuwa anawaza nini wakati anapigwa picha. Tunaiona ikiungua kwenye handaki. Halafu mwisho kabisa wa muvi Kyle ameshakufa, Sarah ni mjamzito, yuko Meksiko amesimama kituo cha mafuta, mtoto mmoja anampiga picha ya papo hapo anamuuzia, tunaangalia, ni ile ile. Na alichokuwa anawaza tunakijua, anamuwaza Kyle. Hakuna aliyesimama kutufafanulia, kipande cha karatasi kimefunga hadithi nzima na mtu hata kama hajui neno la Kiingereza anaelewa.

Ya pili, 1991, wakati inatoka ilikuwa ndio muvi ya gharama kubwa kuliko zote, kama dola milioni 100, ikachukua Oscar 4. Watu wanakumbuka kompyuta zilivyotengeneza yule T-1000 wa chuma cha kuyeyuka lakini mimi nawakumbusha yule mlinzi wa hospitali ya wagonjwa wa akili anayekwenda kuchukua kahawa kwenye mashine, nyuma yake sakafu inainuka taratibu, inakuwa mtu, na huyo mtu ni yeye mwenyewe. Pale wawili wanapoonekana pamoja hawakuhangaika na kompyuta, walitafuta mapacha wa kweli, Don na Dan Stanton, wakawasimamisha wanatazamana. Ndio maana hadi leo ukiangalia mwili unasisimka. Ni kazi ya watu waliokaa chini wakafikiria kila kitu, na ikafungwa, Sarah yuko barabarani usiku anasema kesho haijulikani, imeisha, tumeridhika.

Toka hapo hamjawahi kutufungia hadithi hata moja. Malalamiko yenyewe ni haya:

1. Mnafuta mlichotuuzia

2003 mkaleta Rise of the Machines, mkatuambia Sarah alikufa kwa kansa ya damu, jeneza lake limejaa silaha, na vita ya nyuklia ilikuwa haikwepeki, imetokea. Sawa, wengi hatukuipenda lakini tukaipokea, na ule mwisho wake kwa kweli ulikuwa na ujasiri, mabomu yanaruka na mashujaa wamekaa kwenye handaki wanapokea simu za redio. 2008 ikaja tamthilia ya The Sarah Connor Chronicles, Sarah yuko hai. 2015 Genisys ikarudi 1984 kabisa ikapindua kila kitu, Sarah amelelewa na roboti toka mtoto. 2019 Dark Fate ikasema ya 2003 haikutokea, ya 2009, Salvation, haikutokea, ya 2015 haikutokea, Sarah huyu hapa mzima ana bunduki mkononi.

Jaribuni kumtafsiria mtu hii kwenye kibanda. Aliyeangalia ya 2003 anauliza huyu mama si alikufa kwa kansa, aliyeangalia ya 2015 anauliza huyu si alishaondoka na Kyle, na dijei hana jibu kwa sababu jibu halipo. Sisi tulilipia hizo muvi, tulizibeba kichwani, tulibishana juu yake miaka, halafu mnatuambia futeni.

Na hapa nitamtaja Cameron kwa heshima zote maana bila yeye hakuna tunachokizungumzia. 2015 alitokea kwenye tangazo anaisifia Genisys, kwamba yeye anaihesabu kama ndio ya tatu. Miaka minne baadaye akawa prodyuza wa Dark Fate iliyoifuta hiyo hiyo Genisys. Sasa shabiki amwamini nani? Baba wa hadithi akikwambia hii ndio yenyewe unakwenda kununua tiketi, ndivyo tulivyofanya.

2. Mnaahidi tatu mnaleta moja

Hili ndio linaniuma zaidi. Salvation ya 2009 ilikuwa iwe mwanzo wa muvi tatu za vita ya huko mbele, vita ambayo toka 1984 tumekuwa tukichungulishwa dakika mbili tatu, mafuvu yanakanyagwa na vifaru, taa za buluu. Tukapata moja. Kyle Reese bado kijana, hajatumwa popote, basi. Genisys nayo ilikuwa ya kwanza kati ya tatu, mbili zilizobaki zilishapangiwa mpaka tarehe za 2017 na 2018, na mle ndani kuna maswali yameachwa wazi makusudi, mfano nani alimtuma yule roboti aliyemlea Sarah. Hatujajibiwa mpaka leo. Dark Fate hivyo hivyo, mipango ya kuendelea ilikuwepo, ikaishia pale pale.

Ongezeni tamthilia. The Sarah Connor Chronicles iliishia 2009 baada ya misimu miwili, John amerukia huko mbele amefika sehemu ambayo hakuna mtu anayelijua jina lake, yaani kiongozi wa dunia nzima amekuwa si mtu, wazo kubwa kuliko yote yaliyotoka baada ya 1991 kwa maoni yangu, na pale pale ikakatwa. 2024 ikaja Terminator Zero ya katuni za Kijapani, iko Tokyo, ina watu wapya kabisa, wengi tukasema afadhali wamepata njia. Msimu mmoja, imefutwa.

Hesabuni wenyewe, milango mitano imefunguliwa na hakuna hata mmoja uliofungwa. Na kila tukifika mlango mwingine mnashangaa watu wamepungua. Genisys ilipata kama dola milioni 440 dunia nzima, Dark Fate ikashuka hadi kama milioni 261 wakati kuitengeneza tu iligharimu kama milioni 185 bila matangazo. Sio kwamba watu waliichoka Terminator, watu wamechoka kuanza hadithi wakijua haitaisha.

3. John Connor

1984 mtu amekufa ili John azaliwe. 1991 roboti imeomba yenyewe ishushwe kwenye chuma kinachochemka ili John aishi. Hadithi nzima imesimama juu ya huyu kijana. Kwenye Genisys mkamgeuza kuwa mashine, adui. Kwenye Dark Fate hata dakika kumi hazijafika, yuko Guatemala 1998, amekaa na mama yake, roboti inaingia inampiga risasi, kwisha.

Kila mtu aliyekulia kwenye vibanda huku kwetu anajua steringi hafi. Na akifa anakufa kwa maana, mwishoni, amefanya jambo, watu wanatoka wanafuta macho. Hamkumpa hata hiyo heshima. Na baya zaidi mkasema Skynet, ile kompyuta iliyoanzisha vita, haipo ila kuna Legion, mashine nyingine, vita ni ile ile, mkombozi ni mwingine. Maana yake yote aliyoyafanya Sarah, yote aliyoyafanya Kyle, Dyson, yule mhandisi wa ya 1991 ambaye kazi yake ingezaa Skynet, aliyekufa ameshikilia kilipuzi mkononi huku pumzi inamwishia, kazi bure. Mlikuwa na mfano mbele yenu, Alien 3 ya 1992 iliwaua mtoto Newt na askari Hicks mwanzoni kabisa baada ya kuwa wamepona kwa taabu kwenye muvi ya 1986, na mashabiki wa Alien mpaka leo hawajasamehe. Mkaona vema mrudie.

4. Trela inayotoboa siri

Hii fupi. Siri kubwa ya Genisys ilikuwa kwamba John amekuwa mashine. Mkaiweka kwenye trela na kwenye mabango, nusu uso mtu nusu uso chuma. Mwongozaji mwenyewe Alan Taylor hakuficha kwamba hakulifurahia. Tunalipia nini sasa?

5. Woga umepotea

Roboti ya 1984 haikuwa na kitu zaidi ya kwamba haichoki na haibembelezeki. Unaikimbia, inatembea. Hiyo tu ilitosha kuwanyima watoto usingizi. Baada ya pale kila muvi inaongeza uwezo, huyu ana silaha mkononi, huyu ni vumbi la sumaku, huyu anajigawa wawili, na kila uwezo ukiongezeka woga unapungua, kwa sababu sasa tunaangalia mieleka, wanarushana kwenye kuta, hakuna anayeumia. Halafu ya 2009 na ya 2015 mkazilainisha ili watoto waruhusiwe kuingia sinema. Hadithi ya binadamu kuangamizwa wote imekuwa safi haina hata damu.

Najua majibu yenu maana tumeshayasikia sehemu nyingi, ngoja niyapitie.

Mtasema haki zilikuwa zinahama mkono. Ni kweli, Carolco, kampuni iliyotengeneza ya pili, ilifilisika 1995, Halcyon waliotengeneza Salvation wakafilisika na 2010 haki zikapigwa mnada kwa dola milioni 29.5, zikahama tena baadaye, na sheria ya Marekani inawaruhusu waandishi wa mwanzo kudai kazi yao baada ya miaka 35. Haya yote tunayajua, tumeyafuatilia kuliko mnavyodhani. Lakini ukinunua nyumba yenye wapangaji waliokwishalipa kodi huwezi kuwaambia mkataba ulikuwa na yule wa zamani. Mmenunua jina kwa sababu lina watu, basi watu wenyewe ndio sisi.

Mtasema mashabiki hawaridhiki na chochote kipya, tunang'ang'ania ya zamani. Si kweli. Planet of the Apes ilianzishwa upya 2011, watu walikuja na mashaka kwa sababu ile ya 2001 iliwakatisha tamaa, na mwongozaji akabadilika baada ya ile ya kwanza, kutoka Rupert Wyatt kwenda Matt Reeves, lakini hadithi ya Caesar, yule sokwe kiongozi, haikuguswa. Ikaendelea 2014, ikaisha 2017, Caesar akafa akiwa amewafikisha watu wake. Hapo hatukulalamika, tulilia. Mad Max: Fury Road ya 2015 ilimbadilisha hadi muigizaji wa Max na bado ikabeba Oscar 6. Prey ya 2022 ikamchukua Predator, yule kiumbe mwindaji kutoka angani, ikampeleka 1719 kwa Wakomanche, wenyeji wa Marekani, binti mmoja na shoka na mbwa wake, hadithi ndogo, imefungwa vizuri, kila mtu kapenda. Kwa hiyo kipya tunakitaka, ila kiwe na mwanzo na mwisho.

Na kuna jibu la tatu ambalo naomba mlisikilize vizuri. Dark Fate ilipoanguka kuna waliosema mashabiki wameikataa kwa sababu mbele wamewekwa wanawake watatu. Ni kweli kuna watu walitukana, walimtukana Natalia Reyes, walimtukana Mackenzie Davis, walimtukana hata Linda Hamilton, Sarah mwenyewe, kwa umri wake, na kwa hilo mimi na wenzangu hatuko nao kabisa, ni aibu. Lakini msijifiche nyuma ya hao. Terminator ni hadithi ya mwanamke toka siku ya kwanza. Sarah Connor ndio aliyetuleta, yule mhudumu wa mgahawa wa 1984 na yule wa 1991 anayepiga chin-ap kwenye kitanda kilichosimamishwa ukutani, huku mtaani kwetu wasichana walimuiga. Grace wa Mackenzie Davis alikuwa mmoja wa wahusika bora mliotupa kwa miaka mingi. Kilichowafukuza watu ni John kufutwa, na ni hadithi ile ile ya kukimbizwa iliyobadilishwa majina. Dani, yule mkombozi mpya wa Natalia Reyes, alistahili hadithi yake mwenyewe, mkampa ya John ya mtumba, halafu mkamuacha nayo peke yake.

Na lile la kwamba soko ndio linaamua. Sawa, Genisys katika hizo milioni 440 Marekani ilitoa kama 90 tu, China peke yake ikatoa zaidi ya 110. Maana yake wengi wanaowalipa ni watu wa nje. Basi tusikilizeni na sisi wa nje.

Kinachoshangaza ni kwamba muda huu ndio ulikuwa wenu. Kila mtu anaongea habari za akili mnemba, walimu, madaktari, wanajeshi, madereva wanaogopa kupoteza kazi, watu wanasikia sauti za ndugu zao zimeigizwa kwenye simu wanaombwa hela. T-1000 alifanya hivyo hivyo 1991, kaigiza sauti ya mama mlezi wa John kwenye simu! Mlikuwa mbele ya dunia nzima miaka zaidi ya 30. Cameron mwenyewe alisema 2022 kwamba akifanya nyingine ataegemea zaidi kwenye akili mnemba kuliko maroboti yaliyopandwa na kichaa, na sisi tunamuunga mkono kwa hilo asilimia zote.

Kwa hiyo tunaomba yafuatayo, na tunaomba tujibiwe na mtu, sio kompyuta:

Moja, chagueni mstari mmoja mtuambie wazi mapema ni upi, zipi zinahesabika na zipi hazihesabiki, na baada ya hapo msifute tena.

Mbili, kama ni muvi tatu basi skripti zote tatu ziwe zimeandikwa kabla kamera haijawashwa. Kama hela ni ya moja, fanyeni moja iishe yenyewe, hatutawadai ya pili.

Tatu, ile hadithi ya tamthilia iliyokatwa 2009 mwacheni mtu aimalize, hata kwa katuni, hata kwa kitabu cha picha, John amekaa kule mbele bila jina muda mrefu mno. Terminator Zero nayo hivyo hivyo.

Nne, msimrudishe Arnold kwa kulazimisha. Tunampenda, ametupa kila kitu, sasa mwacheni mzee apumzike na hadithi isimame kwa miguu yake.

Tano, trela isionyeshe chochote cha baada ya nusu ya kwanza.

Na sita, kama mkikaa chini mkagundua kwamba hamna cha kusema zaidi ya jina, basi isitoke. Tutaendelea na ya 1984 na ya 1991, vijana wetu wanaziangalia sasa hivi kwenye simu na wanazielewa bila shida.

Tunasubiri majibu yenu kabla hamjatangaza tarehe nyingine yoyote.

Naomba kuwasilisha.

Wenu,
Shabiki wa Terminator,
Dar es Salaam